NANI ALISHIKA KALAMU?

Hebu tuanzie hapa hapa nyumbani. Mji wetu unaitwa Machakos, lakini mzee aliyeupa jina aliitwa Masaku. Wageni waliandika walivyosikia, na mpaka leo sisi tunaandika walivyoandika wao. Sasa ikiwa jina lilipindwa hivyo, sembuse picha?

Katika karne ya 19, vitabu vingi vya safari vilikuwa na picha za milima, mito na maziwa yetu. Zilitengenezwaje? Msafiri alichora kwa penseli, akapeleka mchoro Ulaya. Huko mchoraji mwingine, ambaye pengine hakuwahi kukanyaga Afrika, aliuchora upya juu ya kibao cha mti mgumu. Fundi akakichonga, kikapakwa wino na kupigwa chapa. Kila mkono ulipata nafasi ya kuongeza au kupunguza.

Chukueni mfano wa jirani zetu wa Uganda. Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko ambapo Mto Nile ulitoka Ziwa Victoria. Wenyeji walipaita Mawe. Speke aliliandika jina hilo, lakini akapabatiza Ripon, jina la bwana mkubwa wa Uingereza aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia safari ilipopangwa. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1863, picha ya mahali hapo ilibeba jina la Ripon. Wenyeji na Mawe yao wakasahauliwa.

Hata Ukambani ni vivyo hivyo. Tunaambiwa eti Krapf "aligundua" Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Jamani! Alikuwa mgeni wa Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mashuhuri aliyemweleza habari za mlima huo kabla hajauona.

Mwaka 1978 msomi Mpalestina, Edward Said, alitoa kitabu kuonyesha kwamba namna Wazungu walivyowaeleza watu wa Mashariki iliwasaidia kuwatawala. Kwetu pia yapo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliiwezesha serikali ya kikoloni kuwapa walowezi ardhi iliyohesabiwa kuwa haina watu, na Vilima vya Mua, hapo tu karibu, vikaingia mikononi mwao. Sisemi picha ndizo zilizonyang'anya ardhi. Lakini aliyezoea kuona nchi tupu kitabuni hashangai akiambiwa haina mwenyewe.

Je, tuzichome picha hizo? La hasha! Maporomoko yale yalizama bwawa la Owen Falls lilipojengwa, likafunguliwa mwaka 1954. Leo mtu akitaka kuyaona, lazima arudi kwenye picha. Tuzitazame basi, ila tuulize: Nani alichora? Nani alichonga? Nani alitoa jina? Na nani hayumo?

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Wenzangu, kalamu sasa tunazo sisi. Tusikose kuwapo.