Mtoto anapopanga vita vya Wachina, muulize askari watakula nini



Katika mikutano miwili iliyopita swali lilikuwa lile lile. Mama mmoja wa Mangobo alilileta, na wengine wanne wakanyosha mkono pamoja naye: mtoto wangu ana miaka 15, umeme ukirudi tu anakimbilia kompyuta kucheza vita vya Wachina. Nimkataze ama nimwache?

Hatukutaka kujibu juu ya kitu ambacho hatukukiona. Kwa hiyo Jumamosi mbili, wawili kati yetu tuliketi katika nyumba moja ya komine ya Makiso, kijana akicheza, mama yake akichambua mchele pembeni, na dada yake mdogo akiingia na kutoka na sufuria. Haya ndiyo tuliyoyaona, pamoja na yale tuliyoyasoma baadaye juu ya habari hizo za China.

Tuanze na mchezo wenyewe. Watoto wanauita wa Wachina, lakini waliouunda ni Wajapani. Kampuni yao, Koei, ilianzishwa mwaka 1978 na bwana Yoichi Erikawa pamoja na mke wake Keiko, na biashara yao ya kwanza ilikuwa dawa za kutia nguo rangi. Mwaka 1980, bwana alipofikisha miaka 30, mke wake alimpa zawadi ya kompyuta. Rangi zikaachwa, michezo ikaanza. Mwaka 1985 wakatoa mchezo wa Falme Tatu, ambao kwa Kijapani unaitwa Sangokushi, na toleo la 14 lilitoka mwaka 2020. Mwenye kudhani kwamba mambo haya ni ya wanaume peke yao aikumbuke zawadi ile.

Habari inayochezwa ni ya kweli, ya miaka 1800 iliyopita. Utawala wa Han ulikuwa unaanguka. Mwaka 189 mfalme alikufa, na jemadari mmoja mkali, Dong Zhuo, akaushika mji mkuu wa Luoyang na kuweka mtoto mdogo kwenye kiti cha ufalme. Mwaka 190 wakubwa wa mikoa wakaungana ili wamwondoe. Yeye akauchoma Luoyang na kuwafukuza watu wake kwenda Chang'an. Muungano ule haukukaa. Kila mkubwa akaanza kutamani shamba la jirani. Hapo ndipo mchezaji anapoingia: anachagua mkubwa mmoja, anapewa mji wake, watu wake, fedha kidogo na chakula kidogo, halafu anaambiwa aiunganishe nchi yote.

Kijana wetu alimchagua Cao Cao, mwaka 190, katika mji wa Chenliu. Ukiangalia ramani utaona mji huo uko katikati ya nchi, na majirani pande zote. Ni sawa na kuweka meza yako ya biashara kwenye njia panda: wateja ni wengi, na wezi ni wengi vilevile.

Jumamosi ya kwanza alienda mbio. Alikusanya askari karibu wote, akawapa majemadari wake wenye nguvu, akatoka kumpiga jirani. Tuliona vijeshi vidogo vinatembea kwenye ramani, na yeye anafurahi. Baadaye vikaanza kulegea kabla hata ya kufika kwenye ukuta wa adui, na mkubwa mwingine, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akaingia Chenliu kama mtu anayeingia lupango lisilo na mlango. Mwaka wa mchezo haukuisha, mji ukawa umepotea.

Mama yake hakuinua macho kutoka kwenye mchele.

"Papa, hao askari wako walikuwa wanakula nini?"

"Mama, ni mchezo tu. Chakula kinaonekana pale juu."

"Uliangalia?"

Hakujibu. Alianza tena mwanzo.

Tulimwomba atueleze chakula kinatembeaje katika mchezo huo, maana tuliona ndipo siri ilipo. Katika toleo la 14, analocheza yeye, kila zamu ni siku 10. Unatoa amri zako, adui naye anatoa zake, halafu siku 10 zinapita kwa pande zote pamoja na huwezi kusimamisha. Ardhi imekatwa vipande vidogo, na kila kipande kina rangi ya mwenye nacho. Jeshi linapotembea linapaka rangi yake nyuma, na njia hiyo ya rangi ndiyo inayoliunganisha na ghala la nyumbani. Adui akipita nyuma na kuikata rangi, jeshi lililo mbele linabaki peke yake, moyo unavunjika, na hata likiwa kubwa linaanguka upesi. Kwa hiyo mwenye kushinda vita vya kwanza si lazima awe na askari wengi. Ni yule ambaye njia yake ya kurudi haikukatwa.

Wamama wanaopanda boti hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Mama wa nyumba hiyo analeta mchele na mafuta ya mawese kutoka upande wa Isangi. Kushuka na mto ni rahisi, alimwambia mtoto, kupanda kurudi Kisangani ndiko kunakokula mafuta ya mashini. Mfanyabiashara anayehesabu pesa ya kwenda tu atalala bandarini na magunia yake. Akachana karatasi moja nyuma ya daftari la likelemba, akampa. Andika kwanza, halafu ndipo ushike kompyuta.

Jumamosi ya pili ilikuwa nzuri kuliko filamu. Karatasi ilijaa. Kijana aliandika majirani wa Chenliu mmoja mmoja: nani ana askari wengi, nani ana chakula, nani anagombana na nani. Aligundua kwamba jirani aliyetaka kumpiga mara ya kwanza alikuwa dhaifu, ndiyo, lakini nyuma yake kulikuwa na mkubwa zaidi ambaye angekuja kuuchukua mji mara tu ukuta ukibomoka. Kumpiga dhaifu ili umfungulie mwenye nguvu mlango ni hasara. Akamvuta jirani mwingine, akampelekea zawadi ya fedha ili anyamaze. Akahesabu siku za kwenda, siku za kuzunguka ukuta na siku za kurudi, akaona chakula hakitoshi. Mavuno yana majira yake katika mchezo, hayaji kwa sababu wewe una haraka. Basi akangoja.

Kisha mama akauliza swali la pili: nani anabaki nyumbani?

Kila mtu katika mchezo ana alama tano, kuanzia 1 hadi 100: uongozi, nguvu za vita, akili, siasa na mvuto. Kijana, kama vijana wote, alikuwa amepeleka wazuri wote vitani na kuwaachia mji wale wa alama za chini. Wakapanga upya. Mwenye siasa nyingi akabaki kusimamia mashamba na soko. Mwenye akili akafuatana na jeshi, kwa sababu huko ndiko mitego iliko. Jemadari mmoja shujaa, ambaye kijana alimpenda sana, akaambiwa alinde nyumba. Mtoto alinuna. Mama akamwambia kwamba hata katika familia, anayebaki na watoto si kwa kuwa hana nguvu.

Tulipotafuta habari za Cao Cao mwenyewe, yule wa kweli, tulishangaa. Kosa la kijana alilifanya yeye kabla. Mwaka 194 alikuwa ametoka kwenda kumpiga mkubwa wa jimbo la Xu, Tao Qian. Nyuma yake rafiki yake wa siku nyingi, Zhang Miao, pamoja na mshauri Chen Gong, wakamkaribisha shujaa Lü Bu katika jimbo la Yan. Karibu jimbo lote likageuka. Yalibaki maeneo matatu tu mkononi mwake, Juancheng, Fan na Dong'e, kwa sababu watu aliowaacha huko, Xun Yu na Cheng Yu, hawakukubali kufungua. Alirudi, akapigana na Lü Bu siku zaidi ya 100. Nani aliwaachanisha? Nzige. Mavuno yaliliwa, njaa ikaingia, na majeshi yote mawili yakarudi nyuma bila mshindi.

Mwaka 196 alianza kuwapa wakimbizi ardhi na ng'ombe wa kulimia karibu na mji wake mpya, na ghala zikajaa. Na mwaka 200, huko Guandu, aliposimama mbele ya Yuan Shao aliyekuwa na jeshi kubwa kuliko lake, hakumshinda kwa kifua. Alipata habari kwamba chakula cha adui kiko Wuchao. Akatoka usiku na watu 5,000, akakichoma. Jeshi kubwa lile likatawanyika.

Mpaka hapo mtasema tunausifu mchezo. Tunausifu, kwa upande huo. Mtoto aliyekuwa hawezi kupanga daftari zake za shule aliketi saa nzima akihesabu siku na magunia, na hakuna aliyemlazimisha.

Lakini ile safari ya kwenda Xu ina kitu kingine, na hapa hatukucheka. Mwaka 193, katika safari ya kwanza ya kumpiga Tao Qian, askari wa Cao Cao waliua watu wa jimbo hilo, watu wa kawaida, wazee na watoto. Maandiko ya zamani ya Wachina yanasema maiti zilizuia maji ya mto Si yasipite. Sisi tunaokaa kando ya mto tunaweza kuiona picha hiyo bila kuchorewa. Kijana alikuwa hajui. Mchezo unahesabu askari, fedha na chakula. Mama aliyelala chini ya kitanda na watoto wake haumhesabu.

Mama wa nyumba alimwuliza: mji huo unaouzunguka, wamama wa ndani wanachota maji wapi? Halafu akamwambia, kwa maneno machache, juu ya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania mji wetu huu, mji usio wa mmoja wao, na mabomu yakianguka juu ya paa zetu. Mtoto alizaliwa baadaye. Alikuwa anajua Vita vya Siku Sita kwa jina, kama jina la sikukuu. Alikuwa hajui kwamba mama yake alikuwa ndani, wala kwamba maji yaliisha siku ya tatu.

Tulipenda pia amjue Cai Yan. Katika mchezo ni mwanamke mwenye picha nzuri na alama nyingi za akili, unayeweza kumwajiri. Katika maisha alikuwa binti wa msomi mkubwa. Vita hivyohivyo vilimfanya atekwe na kupelekwa kaskazini kwa watu wa Xiongnu, akakaa huko miaka 12, akazaa watoto wawili. Cao Cao alitoa mali ili aachiliwe. Alirudi, watoto wakabaki. Mashairi ya uchungu huo yanatajwa kwa jina lake mpaka leo. Mchezaji anayemwajiri Cai Yan na ajue hilo.

Sasa jibu letu, na hatukupatana wote. Wengi wetu tunasema usikataze, ila keti naye. Muulize askari wanakula nini, nani yuko nyumbani, na mji unaoingia una watu gani. Saa ziwe na mpaka, masomo yatangulie, na mafuta ya jenereta yasinunuliwe kwa ajili ya mchezo. Umeme wa bwawa la Tshopo ukikatika, na vita vya Wachina vilale. Wadogo wa miaka 7 au 8 waachwe mbali.

Mmoja wetu anakataa. Yeye anapokea katika lupango lake ndugu waliokimbia Lubunga tangu mgogoro wa Wambole na Walengola wa mwaka 2023. Anasema mtoto aliyeona nyumba yao inaungua hapaswi kupewa nyumba nyingine ya kuunguza, hata ikiwa ndogo kwenye kioo. Hatukumpinga. Kwa watoto wa namna hiyo tunaona ana haki, na mama anayekaa nao ndiye anayejua usiku wanaota nini.

Kuna jambo moja zaidi tuliloliona, na tunalisema ingawa hatukuulizwa. Jumamosi zote mbili kijana alikuwa anajifunza kupanga, na dada yake wa miaka 13 alikuwa anaosha sufuria. Tuliomba wabadilishane kwa saa moja. Kaka alisugua sufuria vibaya sana. Dada alimchagua Liu Bei katika mji mdogo wa Pingyuan, akaweka watu wake wote kwenye mashamba na soko, akapitisha mwaka mzima wa mchezo bila kupiga mtu yeyote. Kaka alimcheka kutoka jikoni. Mwaka wa pili ulipoanza ghala lake lilikuwa limejaa, majirani wawili walikuwa wamechoshana kwa vita, na mmoja wao alikuwa ameacha mji wake na walinzi wachache.

Akageuka kumwuliza mama kama aende.

"Ni siku ngapi kurudi?" mama akasema.

Tulipoaga alikuwa bado anahesabu.