Je, Wajua? Magurudumu Manne Hayasimamishi Gari Upesi

Je, wajua kwamba kwenye barafu gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halisimami upesi kuliko mengine? Kusukumwa hivyo husaidia kuondoka na kupanda mlima tu. Breki za kila gari, hata dogo, hushika magurudumu manne. Hapo ndipo dereva hudanganyika: gari limeondoka bila kuteleza, naye akadhani barabara ni salama.

Kinachoshika barabara ni tairi. Mpira wa tairi za kawaida hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Wa tairi za majira ya baridi hubaki laini. Huko Quebec, Kanada, sheria inazidai kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ukiwa na gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, punguza mwendo mapema, kabla ya kona.