Je, Wajua? Tao hupita spindo bila ukingo

Spindo ni ile mashine ya useremala yenye mhimili uliosimama wima katikati ya meza, visu vikizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mbao iliyonyooka huegemezwa kwenye ukingo na kusukumwa. Fremu ya dirisha la tao haina pa kuegemea, hivyo fundi huondoa ukingo na kuvisha mhimili ringi yenye beringi, juu au chini ya visu. Mbao hufungwa kwenye patani, yaani kiolezo cha plaiwudi chenye umbo la tao, na patani ndiyo inayogusa ringi. Kibonyeo kidogo cha msasa kwenye patani? Utakiona vilevile kwenye fremu.

Hatari kubwa iko mwanzoni kabisa. Visu vikiigusa mbao kabla patani haijatulia kwenye ringi, mbao hurushwa, na vidole huweza kuvutwa kwenye visu. Ndiyo maana patani hukatwa ndefu kuliko mbao, ili itangulie kugusa ringi. Husukumwa kinyume cha mzunguko wa visu, mikono ikishika vishikio vilivyofungwa kwa skrubu. Kinga ya kufunika visu nayo haivuliwi, hata kwa kipande kimoja tu cha haraka.