Luis Fraga: Bodi ya Shule, Mwalimu na Mtoto wa Kilatino

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wasimamizi wa shule katika baadhi ya miji ya Texas, nchini Marekani, walikuwa na hila moja. Kisheria, watoto wenye asili ya Meksiko walihesabiwa kuwa wazungu. Basi palipotakiwa kukomesha ubaguzi, watoto hao walichanganywa na weusi katika shule duni zile zile, kisha ikadaiwa kuwa weusi na wazungu sasa wanasoma pamoja. Mnamo mwaka 1970, katika kesi iliyohusu shule za Corpus Christi, mahakama ya shirikisho iliamua kuwa Wameksiko hao ni kundi la wachache linalostahili ulinzi wa sheria dhidi ya utengano.

Corpus Christi ndiko anakotoka Luis Ricardo Fraga, mtaalamu wa sayansi ya siasa. Alisomea Harvard, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Rice, na baadaye akafundisha Notre Dame, Stanford na Washington, kabla ya kurejea Notre Dame mwaka 2014.

Kazi iliyomtambulisha mapema ni makala ya mwaka 1986 aliyoandika pamoja na Kenneth Meier na Robert England. Watafiti hao hawakuanzia darasani bali kwenye bodi za elimu, ambazo aghalabu wanachama wake huchaguliwa kwa kura. Walibainisha mnyororo ufuatao: Walatino wakiwa na wawakilishi katika bodi, walimu wa Kilatino huajiriwa kwa wingi zaidi, na walimu hao wakiwapo, wanafunzi wa Kilatino hunufaika. Ukikosekana uwakilishi, hasara humfikia mtoto asiyejua hata kura ilipigwa lini. Hoja hii yaonekana nyepesi ikishasemwa. Uzito wake umo katika kuithibitisha kwa takwimu.

Mwaka 1988 Fraga aliugeukia mfumo wenyewe wa uchaguzi. Alichunguza vikundi vya mijini vilivyoteua wagombea na kuwafadhili, akaonyesha jinsi kundi moja linavyoweza kutawala kwa njia za kidemokrasia kabisa. Mbinu ni bayana: diwani akichaguliwa na mji mzima badala ya wadi, mtaa wa Walatino humezwa na wengi, na kampeni ya mji mzima huhitaji fedha ambazo mtaa huo hauna. San Antonio iliachana na utaratibu huo mwaka 1977.

Aidha, Fraga alikuwa mmoja wa viongozi sita wa Utafiti wa Kitaifa wa Walatino, uliokamilika mwaka 2006 baada ya kuwahoji watu 8,634. Wahojiwa walijichagulia Kiingereza au Kihispania, jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipuuza, kwani anayehojiwa kwa lugha ya kuazima hujibu kwa tahadhari. Walio wengi sana walisema kujifunza Kiingereza ni muhimu, na kuhifadhi Kihispania ni muhimu vilevile. Ilhali miaka minane kabla ya hapo, mwaka 1998, wapiga kura wa California walikuwa wameuwekea vikwazo vikali ufundishaji kwa lugha mbili, kana kwamba lugha moja ni adui wa nyingine.

Mwaka 2011 Rais Barack Obama alimteua Fraga katika tume ya kumshauri kuhusu elimu ya Walatino. Vikwazo vya California viliondolewa kwa kura mwaka 2016.