Rangi ya Karoti Huja Mwisho

Katika bustani za nyumbani, karoti nyingi hung'olewa kwa kutazama majani. Yakishanawiri, mwenye bustani huona zao limekomaa. Haraka hiyo ina gharama. Karoti hutanguliza majani na urefu wa mzizi, kisha unene, na rangi ya chungwa hukolea mwishoni. Rangi hiyo ndiyo beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mzizi uliong'olewa mapema, ukiwa bado umepauka, hushibisha lakini lishe tunayoitafuta ndani yake bado ni kidogo. Kwa familia inayolima ili ile, ni bora kungoja siku 90 hadi 100 tangu kupanda.

Hesabu inaunga mkono subira hiyo. Gramu 100 za karoti mbichi zina kiasi cha mikrogramu 835 za vitamini A, ilhali mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji 300 kwa siku. Jicho huitumia kutengeneza kemikali inayonasa mwanga hafifu; ikipungua, mtoto hushindwa kuona giza linapoingia, na upungufu mkali unaweza kumpofusha kabisa. Ila beta-karotini huyeyuka katika mafuta. Karoti iliyotafunwa kavu hupita na sehemu kubwa ya hazina yake, lakini ikipikwa na kijiko cha mafuta au karanga, mwili hufyonza zaidi. Na anayehitaji miwani ataendelea kuihitaji hata akila karoti kila siku.

Wapo wanaosema karoti ikiachwa sana huwa ngumu na kupasuka. Ni kweli, ila mara nyingi kinachoipasua ni maji: udongo ukauke siku nyingi, kisha umwagiliwe kwa wingi ghafla. Kipimo kizuri ni bega la mzizi. Fukua kidogo kwa kidole pale majani yanapoanzia. Likiwa na upana wa sentimita 2 hadi 3 na rangi iliyokolea, ng'oa moja uikate katikati. Kwa aina kama Nantes, kiini kisichopishana sana kwa rangi na nyama ya nje ni dalili ya ukomavu. Bega likiwa kijani, jua limelifikia. Lifunike kwa udongo, na sehemu hiyo uikate wakati wa kupika kwa kuwa ni chungu. Mengine ni ya kawaida: mbegu zipandwe moja kwa moja tutani, miche ipunguzwe ibaki kila sentimita 5 hadi 8, na samadi mbichi iepukwe, maana mizizi hugawanyika kama vidole.

Pingamizi zito zaidi ni la mchicha: huvunwa ndani ya wiki chache, nao una beta-karotini. Sibishi. Lakini mchicha ukishachumwa hunyauka upesi, wakati karoti iliyokomaa hungoja ardhini wiki kadhaa, ikang'olewa kidogo kidogo kwa mahitaji ya siku. Faida hii ni ya wakazi wa sehemu zenye ubaridi kama Lushoto au Limuru, kwa kuwa karoti hupata rangi nzuri kwenye nyuzi joto 16 hadi 21. Dar es Salaam na Mombasa joto huipausha na kuifupisha hata ukingoja. Huko tuta hilohilo lipandwe viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo hustahimili joto na majani yake huliwa kama matembele.