Ukumbusho wa Tanuru Lililozimwa

Naviundu, kitongoji cha komini ya Annexe pembezoni mwa Lubumbashi, kina kiwanda kikongwe kuliko kiwanda chochote ambacho Wabelgiji waliwahi kujenga mjini humo. Karibu na chemchemi za Naviundu wanaakiolojia walifukua vyungu na mabaki ya uyeyushaji wa shaba ya karne ya 4, ambayo ni miongoni mwa dalili za kale kabisa za kazi hiyo katika nchi yote ya Katanga. Vyungu vinasema mengi kwa mwenye kujua kuvisoma. Havisemi nani alipuliza mivukuto, nani alibeba makaa, shaba ilipopoa nani alipewa fungu na nani alirudi nyumbani mikono mitupu. Vitu vimebaki, hesabu imepotea. Ninaanza na Naviundu kwa sababu hiyo, kwani wazee wa Lubumbashi waliofanya kazi katika matanuru ya karne ya 20 wana desturi ambayo, nikiitazama vizuri, naiona kama juhudi ya kuzuia hesabu isipotee mara ya pili.

Desturi hiyo ina jina la Kiswahili ambalo hata wataalamu wa kigeni wamelichukua jinsi lilivyo: ukumbusho. Katika miaka ya 1970 lilikuwa jina la michoro iliyotundikwa sebuleni mwa wafanyakazi na makarani wa Lubumbashi. Mojawapo ya michoro iliyopendwa ilionyesha kiwanda chenyewe, yaani chimni ndefu na lundo jeusi la takataka za tanuru ambalo lilionekana kutoka sehemu nyingi za mji. Wachoraji wengi walitumia kitambaa cha gunia la unga, wakakipaka rangi ya kwanza kuziba nyuzi, kisha wakachora juu yake. Gunia la unga ndilo lililokuwa kipimo cha posho, sehemu ya ujira ambayo mke aliijua kuliko mshahara wa fedha. Kwa hiyo kwenye ukuta ule kazi na malipo ya kazi vilikaa katika kitambaa kimoja. Mgeni aliyeingia akauliza picha ile ni ya nini alikuwa amefungua mazungumzo, nayo hayakuhusu mashine hata kidogo. Hoja yangu ni kwamba mfanyakazi wa zamani akikumbuka tanuru lililozimwa, hakililii chuma. Anasoma daftari la ahadi: kampuni ilitoa nini, ilichukua nini, na baki ni kiasi gani.

Tabia hii haikuletwa na kampuni. Wayeke, watu wa mtawala Msiri aliyetoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 akaweka makao yake Bunkeya, walikuwa mabingwa wa shaba, na biashara yao ilififia baada ya Msiri kuuawa Desemba 1891 na wakoloni kuyatwaa machimbo. Mwaka 1924 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa wamisionari Wabenediktini wa Katanga, aliwataka mafundi wazee wawashe tanuru kwa mara nyingine, takriban miaka 20 tangu lizimwe. Aliyoyaona aliyaandika katika makala iliyotoka 1926, na kichwa chake kiliwaita walaji wa shaba. Wazee wale hawakuonyesha ufundi mtupu. Kazi ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno. Kijiji kizima kilikuwa na nafasi ndani yake, wanawake na watoto wakiokota mawe ya kijani, wanaume wakichimba na kuchoma makaa. Tanuru lilifinyangwa kwa udongo wa kichuguu, na fundi peke yake ndiye aliyejua dawa zake na saa ya kuwasha. Miaka 20 ya kimya haikufuta nafasi ya mtu hata mmoja. Padri alitaka kuona shaba inavyoyeyushwa, wao wakamwonyesha pia nani ana haki gani juu ya shaba ile.

Kampuni yenyewe, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906, na tanuru lake la Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza mwaka 1911. Mwanzoni ilichukua vijana kutoka mbali kwa mikataba mifupi, wakafa wengi, wakatoroka wengi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili mwendo, ikataka mwanamume aliyeoa, akae kambini na watoto wake, azae wafanyakazi wa kesho. Ndipo zikaja nyumba, posho, zahanati, shule, na foyer social ambako wake walifundishwa kushona na kufuma. Watu wa kambini wakasema kwa Kiswahili chao kwamba kazi njo baba, njo mama, yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Wasomi kadhaa wamelisikia neno hilo wakaona unyenyekevu wa mtu aliyezoea kulishwa kwa mkono. Nadhani hawakulisikiliza hadi mwisho. Katika jamii zetu baba si cheo cha sifa tu, ni jina la wajibu, na anayemwita mtu baba amekwisha kumtajia deni lake. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye amesikiliza familia hizi kwa miaka mingi, alikiita kitabu chake cha 2001 habari za watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Hapo pana shtaka, na shtaka haliwezekani kama hujamwita mshtakiwa kwa jina la wajibu wake.

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu hizi zinapamba ukoloni, kwamba mzee anayesifu unga wa posho amesahau kiboko. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama wazee wangekumbuka unga peke yake. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, askari wakawafyatulia risasi, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akawa miongoni mwa waliouawa. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji mashuhuri wa ukumbusho, aliyaweka mauaji yale katika historia ya nchi aliyoichora kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974. Miaka kadhaa kabla yake, mwaka 1965, chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani kilikuwa kimetoa kijitabu kwa Kiswahili cha Katanga, kilichokusanywa na André Yav, kuhusu historia ya mji wao. Wapishi na maboi waliandika historia ya mabwana! Humo mna Wazungu waliotenda wema, na mna pia batumbula, wakamataji wa usiku waliodhaniwa kuwapelekea Wazungu nyama ya watu. Daftari lenye safu mbili haliitwi pambo. Tena tazama mwaka wenyewe. Mwaka 1965 Union Minière ilikuwa bado imesimama imara, ikataifishwa 1967 na baadaye kuitwa Gécamines. Basi desturi hii haikuzaliwa na huzuni ya kufilisika.

Kufilisika nako kulikuja. Gécamines ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba mwaka 1986, na kufikia 1993 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikasimama kwa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa katika mpango ulioitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari (hiari ya mtu asiyelipwa ni hiari ya aina yake). Wengi waliona walichopewa ni kidogo kuliko sheria na mkataba vilivyoagiza, wakaunda umoja wao wa kudai. Hapa linakuja pingamizi la pili, kwamba anayekumbuka akiwa na madai mkononi hawezi kuaminiwa. Ni kweli atazidisha. Lakini mdai ndiye mtu anayetunza karatasi. Anajua tarehe aliyoajiriwa, daraja lake, mifuko ya unga aliyostahili kila mwezi, na akikosea kuna wenzake mia wa kumsahihisha kwa sababu nao wana karatasi zao. Na lile lundo jeusi, walilolimwaga wao kama takataka, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 limekuwa likichakatwa upya kwa ajili ya kobalti yake. Mzee anayelitazama likipungua na kuuliza nani analipwa kwa jasho lile, sioni kama anaota ndoto za ujana.

Pingamizi linalonisumbua ni la tatu, na sitaki kulipangusa haraka. Ukumbusho huu ni wa wenye ajira. Annexe ni komini inayouzunguka mji, nje ya zile kambi za kampuni zilizopangwa kwa mistari, na maelfu ya watu wa Lubumbashi hawakupata kuamshwa na king'ora wala kusimama mstari wa posho. Hata ndani ya kambi jina lililoandikwa kwenye kadi lilikuwa la mume. Mshahara ulipokatika, familia nyingi zilikula kwa mashamba na biashara ndogo za wake, wengine wakiitumia cherehani na ujuzi ule wa foyer social ambao kampuni iliutoa kama adabu ya mke wa nyumbani. Safu hiyo ya daftari ni nyembamba mno. Na wachimbaji wa leo, creuseurs wanaoshuka mashimoni kwa kamba na kuuza mawe kwa mnunuzi anayeamua mwenyewe kilo ni bei gani, hawana wa kumwita baba. Atakayekuja kukumbuka kazi yao hataweza kuonyesha hati ya mshahara. Pengo hili ni kasoro ya desturi, nalikubali, ila haliifanyi iwe ya uongo. Linaonyesha tu nani hakuwahi kuandikiwa ahadi.

Kijitabu cha Yav kilingoja miaka 25. Kilitolewa kama kitabu mwaka 1990, mjini Amsterdam, na Fabian, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lubumbashi kuna Jumba la Makumbusho la Taifa, na kuna chuo kikuu ambacho mwaka 2000 kilianzisha mradi wa kukusanya kumbukumbu za mji. Wewe uliye Naviundu au Kamalondo, mwenye kadi ya kazi ya baba chini ya godoro, au daftari la mama la hesabu za mihogo na mkaa za miaka ile mibaya, usingoje mgeni aje kuviomba. Vipeleke huko, na uhakikishe jina la mama limeandikwa kwenye jalada.