Je, Wajua? Kiingereza Kiganjani

Je, wajua kwamba mmoja wa waanzilishi wa Duolingo, programu ya kujifunzia lugha, aliwahi kupanda ndege ili akafanye mtihani wa Kiingereza? Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, alitaka kusoma Marekani. Nafasi za mtihani nchini kwake zilikuwa zimejaa, ikambidi aende El Salvador. Leo kampuni yake inatoa mtihani unaofanyiwa nyumbani, mbele ya kamera ya kompyuta. Si wa bure, lakini nauli ya ndege haimo.

Huyo huyo ni miongoni mwa waliobuni zile herufi zilizopindapinda ambazo tovuti hukutaka uziandike ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Kuanzia 2007 yakatumika maneno ya magazeti na vitabu vya zamani ambayo kompyuta zilishindwa kuyasoma, na majibu ya watu yakazisaidia. Kwa hiyo huenda nawe ulishawahi kufanya kazi ya ukutubi bila kulipwa!

Je, wajua kwamba Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe jinsi anavyosahau, akachapisha matokeo mwaka 1885? Programu ya Anki, ya kukariri maneno, inategemea elimu hiyo: neno ulilolikosea hurudi upesi, ulilolipata hukaa siku nyingi kabla ya kuulizwa tena. Kwenye kompyuta na Android ni bure. Wa iPhone, toeni pesa.

Redio nayo? Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 kutangaza kwa Kiingereza cha taratibu, chenye msamiati wa maneno yapata 1,500 tu. Na kwa wanaopenda kusoma, Wikipedia ya Kiingereza chepesi ipo tangu 2001.

Je, wajua dawa ya matamshi? Sisi wa Kiswahili tumezoea kutamka kama ilivyoandikwa. Kiingereza hakina adabu hiyo. Fungua tovuti ya YouGlish, andika “Wednesday”, chagua lafudhi ya Uingereza au Marekani. Video itaanzia palepale mtu anapolitamka, maandishi yakiwa chini yake. Bonyeza mbele, umsikie mwingine, kisha mwingine. Ile “d” ya kwanza utaitafuta usiione. Tamka nao kwa sauti, hata kama wa nyumbani watakucheka. Kusikiliza kimyakimya hakulegezi ulimi.

Kwa watoto, African Storybook ina hadithi nyingi za bure ambazo unaweza kuzisoma kwa Kiswahili, kisha hizohizo kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa Tanzania anayesubiri kidato cha kwanza, ambako masomo hugeuka Kiingereza ghafla, naziona bora kuliko michezo ya kukusanya pointi.

Bando likiisha je? Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima ya Kiingereza chepesi kwenye simu, ukaisoma bila intaneti. Siku ukipata Wi-Fi ya bure, pakua hiyo kwanza. Filamu zitasubiri.